Kiti Kilichokuwa Wazi Kushoto Kwangu

Mwezi uliopita tulimzika Mama Rispa kwao Asembo Bay, katika boma la marehemu mume wake, karibu kabisa na mahali wanawake wanapoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Mjukuu wake, Achieng, ndiye aliyenipigia simu kunipa habari, na ndiye aliyenijia pale kwenye hema akaniinamia sikioni, akimwita bibi yake dani kwa Kijaluo: "Mwalimu, wewe uliishi na dani mwaka mzima. Utasema kidogo." Nikapewa maikrofoni. Nikasema alivyokuwa mkarimu, alivyoimba sauti ya pili bila kuyumba, alivyonifundisha kugeuza samaki kwenye sufuria bila kumvunja. Watu wakacheka mahali pa kucheka, wakaguna mahali pa kuguna, nikarudi kuketi. Mama mmoja nisiyemjua akanishika goti, akasema, "Umeongea vizuri, mama." Uso ukaniwaka. Nimefundisha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, nimewachapa wengine kwa kusema uongo enzi zile tulizoruhusiwa kuchapa, na siku hiyo nilisimama mbele ya jeneza la mtu niliyemkosea kuliko wote duniani nikaongea habari za samaki. Ndiyo maana naandika sura hii. Haitamfikia yeye, lakini angalau wanangu wajue kwamba mama yao hakuwa mtu mwema tangu utotoni kama wanavyodhani.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri barua ya chuo cha ualimu, na wakati nasubiri nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi mjini Kisumu, mwalimu asiye na mafunzo, mwenye viatu jozi moja. Mzee mmoja wa kanisa letu ndiye aliyenipeleka kwa Mama Rispa kule Nyamasaria. Siku hizo Nyamasaria ilikuwa bado nusu shamba. Usiku ulisikia vyura, na kutwa ulisikia malori ya Nairobi yakibadilisha gia. Mimi ni Mmaragoli, na Kijaluo changu kilikuwa cha salamu na cha kununulia nyanya, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Cha kwangu kilikuwa cha vitabuni. Cha kwake kilipanda na kushuka kama Kijaluo, ngeli zake zikienda zilikotaka, na hata leo nikikumbuka jambo la maana mtu aliloniambia maishani, mara nyingi nalikumbuka kwa sauti hiyo.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili. Katika cha kwanza kulikuwa na meza, viti vinne vilivyovishwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa, na redio iliyokuwa ndani ya mfuko wake wa ngozi wenye matundu. Mimi nililala humo humo, nikikunja godoro kila asubuhi. Kila kitu kilinukia sabuni na wanga, maana Mama Rispa alifanya kazi ya udobi katika hospitali moja mjini, na miaka ya kukunja mashuka ilikuwa imemwingia mwilini. Alikunja magazeti pembe kwa pembe. Alikunja karatasi za plastiki za sukari. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa dawa za kufulia, rangi yake nyepesi kuliko uso, na jioni aliipaka mafuta ya mgando mbele ya jiko huku akiniuliza darasani kumetokea nini. Alinipikia kuon, ugali wa kwao, na omena iliyokaangwa na nyanya nyingi, au samaki wa ngege akipatikana, na mboga ya osuga iliyolala kwenye maziwa siku mbili mpaka uchungu wake ukawa mtamu. Alikuwa akiniita nyathina, mtoto wangu. Sikumwomba aniite hivyo, na sikujua uzito wake.

Zaidi ya hayo yote, alikuwa mtu wa muziki. Kwaya yao ilijifunza nyimbo kwa herufi za do-re-mi zilizoandikwa ubaoni, na Mama Rispa, ambaye barua alisoma polepole kwa kidole, alizisoma herufi hizo kama mtu anavyosoma jina lake mwenyewe. Alinifundisha sauti ya pili tukiosha vyombo. Nikikosea aligonga sufuria na mwiko, si kwa hasira, na kusema, "Hapana, hiyo imeanguka chini. Okota." Na kila Jumapili saa kumi alasiri kulikuwa na kipindi cha saa moja redioni cha muziki wa okestra za Ulaya. Hapo tu ndipo nilipowahi kuiona mikono yake ikitulia. Alikaa kwenye kiti cha karibu na redio, mikono imelala mapajani, na kuniita, "Njoo usikie." Hakujua jina la chombo hata kimoja. Lakini kulikuwa na sauti moja aliyoingojea, sauti ya katikati, nzito na laini, iliyokuja kama mtu anayeita kutoka mbali bila kupiga kelele. Aliiita "yule". "Sikia," angesema, akiinua kidole, "yule amefika." Alikuwa amemuuliza mwalimu wa kwaya ni chombo gani kile, akamwambia ni kinanda. Hakuridhika. "Kinanda najua mimi. Yule iko na pumzi." Siku moja aliniambia kwamba akifa bila kukiona chombo kile hatalalamika, lakini angependa sana.

Basi mwaka huo huo ikaja habari kwamba okestra nzima kutoka Ulaya ilikuwa inazuru Kenya, na itapiga Kisumu siku ya Jumamosi alasiri. Shuleni mwalimu mkuu alitugawia kadi za mwaliko, kila mwalimu mbili. Zilikuwa kadi nyeupe ngumu zenye maandishi ya dhahabu. Nilizibeba ndani ya kitabu cha hesabu ili zisipinde, na jioni nikaziweka mezani katikati ya sahani zetu. Nikamwambia moja ni yake. Mama Rispa aliinuka akaenda kunawa mikono, akarudi, akaitazama kadi bila kuigusa, akaenda tena kunawa.

"Wataniruhusu?" akauliza.

"Kadi ni yako, Mama. Nani atakuzuia?"

"Mimi dobi?"

"Hawaulizi kazi mlangoni."

Ndipo akaishika, kwa ncha za vidole, akaigeuza nyuma na mbele, akanirudishia niitunze kitabuni. "Nyathina," akasema, "sasa nitamwona yule." Wiki mbili zilizofuata aliomba ruhusa kazini, akabadilishana zamu na mwenzake, akatoa sandukuni gauni lake la buluu la Pasaka na kulianika lipungue harufu ya dawa ya nondo. Aliwaambia wanawake wa kwaya. Nilimsikia nje ya kanisa akiwaambia, sauti imeshuka kwa heshima: "Mtoto amenipatia kadi. Nitakaa ndani."

Sasa nije kwenye aibu yangu. Shuleni kulikuwa na mwalimu mwenzangu, Judith, ambaye baba yake alikuwa mkubwa serikalini, wakiishi Milimani katika nyumba yenye veranda na mti wa jakaranda. Siku chache kabla ya tamasha alinialika chai. Sijawahi kusahau sebule ile: zulia lililomeza sauti ya miguu, piano ambayo hakuna aliyeipiga, keki iliyokatwa vipande vyembamba mpaka nikaogopa kuchukua cha pili. Kaka yake Fredrick alikuwa amekuja likizo kutoka chuo kikuu. Alikuwa na shati jeupe na namna ya kukusikiliza ameinamisha kichwa, kana kwamba ulilosema lilimgharimu kufikiri. Hakuna mvulana aliyewahi kunisikiliza hivyo. Nilipokuwa nimeketi pale, mama yao alikuwa upande wa pili akiongea na rafiki yake kuhusu tamasha hilo hilo, na nikayasikia maneno yao. Mama Judith alikuwa akisema kwamba mwaka fulani walikuja waimbaji wa nje, na watu wa sokoni wakaingia na vikapu, wakaimba pamoja nao, wakapiga makofi mahali pasipostahili. "Tuliaibika," akasema. "Wageni walitutazama kama watoto." Wote wawili wakacheka. Fredrick akacheka. Mimi nami nikacheka, na katikati ya kicheko changu nikamwona Mama Rispa ndani ya ukumbi na gauni lake la buluu, akigonga goti lake kwa mdundo, akiinua kidole na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka jukwaani, "Yule amefika!"

Fredrick akasema zile kadi mbili za Judith zilikuwa zimechukuliwa na baba na mama, na alikuwa akisikitika kukosa. Hakuniomba. Nataka hilo lieleweke, maana kwa miaka mingi nilijaribu kumbebesha yeye. Mimi ndiye niliyesema, bila kuulizwa, "Ninayo moja ya ziada."

Ya ziada. Nimeyarudia maneno hayo mawili mara nyingi maishani. Njiani kurudi nyumbani nilijipa sababu: kwamba Mama Rispa angechoka kukaa saa mbili, kwamba angejisikia mgeni, kwamba nilikuwa namlinda asichekwe. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi wema wa kuufunikia. Nilikaa na uongo wangu siku tatu bila kuusema, na Ijumaa jioni nikafika nyumbani nikamkuta amesuka nywele, mistari mipya inang'aa mafuta, anapiga gauni la buluu pasi ya makaa. Nilisimama mlangoni na mkoba bado begani.

"Mama, wamebadilisha."

"Wamebadilisha nini?"

"Tamasha. Wamesema sasa ni la walimu na wanafunzi tu. Kadi ya pili wameichukua."

Pasi ilisimama kidogo tu. Kisha ikaendelea mpaka mwisho wa pindo, kwa maana hakuwa mtu wa kuacha pindo katikati. Alilikunja lile gauni, pembe kwa pembe, akaliweka kando. Nilingoja aulize nani amesema, kwa nini, tangu lini. Nilikuwa nimetayarisha majibu. Akanyoosha mkono.

"Basi lete gauni yako," akasema. "Pasi bado iko na moto."

Akanipigia gauni langu. Alilipiga vizuri kuliko nilivyowahi kuliona, mikono, kola, kila tundu la kifungo, na mimi nikasimama pale nikimtazama, na hata hapo ningeweza kusema. Makaa yalikuwa yanatatarika. Sikusema.

Jumamosi nilitoka mapema. Alasiri ilikuwa na joto la kunata, mawingu yamejikusanya upande wa ziwa, na mtu yeyote wa Kisumu angejua kwamba mvua inakuja; mimi sikuchukua mwavuli kwa sababu mwavuli wa nyumba ile ulikuwa mkubwa, mweusi, na ubavu wake mmoja umevunjika. Fredrick aliningoja mlangoni mwa ukumbi. Tukaonyesha kadi zetu tukaingia, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba viti vilikuwa wazi. Si vichache. Nusu ya ukumbi. Kadi zilikuwa zimegawiwa kwa wakubwa wa mji, na wakubwa hawakuja. Tulikaa safu ya saba, Fredrick kulia kwangu karibu na njia, na kushoto kwangu kiti kitupu, kisha kingine, kisha kingine mpaka ukutani.

Wanamuziki walitoka wamevaa nguo nyeusi, watu sitini au zaidi. Wakaketi, wakaanza kulinganisha sauti zao, kila mmoja akivuta noti ile ile, na watu wachache wa nyuma wakadhani ndio wimbo wenyewe wakapiga makofi. Fredrick akacheka puani. Nami nikacheka puani. Lakini tamasha halikuanza. Bwana mmoja wa suti, nadhani alikuwa wa kamati, alipanda akanong'onezana na mwongozaji wa okestra, wakatazama vile viti vitupu, kisha yule bwana akatangaza kwa Kiswahili: "Milango ifunguliwe. Mtu yeyote aliye nje na angependa kusikia, aingie. Ni bure." Na watu wakaingia. Waliingia wapiga viatu rangi na masanduku yao, wanawake wa ndizi na vikapu vyao, wauguzi wawili, mlinzi aliyevua kofia, mzee na fimbo yake. Niliwatazama nikingoja ile aibu aliyoisema mama yake Judith. Walikaa. Vikapu wakavipakata mapajani. Hakuna aliyenong'ona. Mpaka leo sijawahi kuona watu waliokaa kimya namna ile nje ya kanisa.

Hapo ndipo nilipogeuka kutazama mlango, na nikamwona. Mama Rispa alikuwa barazani, nje kidogo ya kizingiti. Hakuvaa gauni la buluu, alivaa nguo zake za siku zote, na mkononi alikuwa na ule mwavuli mweusi na sweta yangu iliyokunjwa. Alikuwa ameona mawingu. Alikuwa ametembea kutoka Nyamasaria kuniletea mwavuli. Msichana wa mlangoni, kijana wa rika langu mwenye utepe begani, alikuwa akimwashiria aingie, na Mama Rispa alikuwa akitikisa kichwa. Msichana akamshika mkono kwa upole. Akatikisa kichwa tena. Kisha akatazama ndani, safu kwa safu, akaniona. Akamwona Fredrick pembeni yangu, amekaa kwa ile kadi ya pili. Akakiona kile kiti cha kushoto.

Ningeinuka, ni hatua kumi na tano. Ningesema "Mama, njoo," maneno mawili, na hakuna mtu angegeuka, kwa maana watu walikuwa bado wanaingia na kutafuta nafasi. Nilichofanya ni kugeuza uso nikatazama mbele. Nyuma yangu nikasikia mlango ukifungwa, kwa sababu upepo wa mvua ulikuwa umeanza, na muziki ukaanza nao.

Sijui wimbo wa kwanza ulikuwaje. Katika wa pili, polepole, yule akafika. Nilimjua mara moja. Alikuwa mwanamke mfupi mnene wa safu ya nyuma, nywele zimekatwa kama za mwanamume, amebeba tarumbeta ya shaba iliyojizungusha kama nyoka aliyelala, na mkono wake wa kulia ameuingiza ndani ya mdomo wa chombo mpaka kwenye kifundo, kama mtu anayemtoa samaki matumbo. Mashavu yake hayakuvimba. Alipulizia tu, kama anaongea na mtoto, na sauti ile ikatoka ikajaa ukumbini bila kusukumana na nyingine. Pumzi. Mama Rispa alikuwa amesema kweli. Nilikaa na mikono yangu imeshikana, na sauti hiyo ikipita mwilini mwangu nikaona naiba. Kisha mvua ikashuka juu ya mabati, mvua ile ya Kisumu isiyobisha hodi, na kwa dakika kadhaa hatukusikia chochote. Wanamuziki waliendelea kusogeza mikono yao bila sauti mpaka mwongozaji akashusha kijiti chake akatabasamu kwa kukata tamaa. Tukakaa wote, wageni na sisi, tukisikiliza mvua. Nilijua kwamba pale barazani, mlango ukiwa umefungwa, tangu mwanzo hakusikia ila upepo na mvua.

Tulipotoka hakuwepo. Msichana wa mlangoni alinijia na mwavuli na sweta. "Wewe ndiye Minayo? Yule mama amekuachia hizi. Amenichekesha kweli. Nimemwambia ingia, ni ya kila mtu, akakataa kabisa. Ati mtoto wake amemwambia ni ya walimu na wanafunzi. Nikamwambia huyo mtoto amekosea, ona wenye ndizi wanaingia. Akaniambia, 'Mtoto wangu hawezi kosea hivyo. Wacha tu.' Akaenda na mvua."

"Aliacha mwavuli?" nikauliza.

"Si ni wako?"

Fredrick akauchukua mkononi mwangu akaufungua juu yetu sote wawili, akaushangaa ule ubavu uliovunjika. "Huyo mama ni nani?" akauliza. Nikasema, "Ni wa ile nyumba ninayokaa." Lilikuwa jibu la kweli kila neno, nami sijui kama nimewahi kusema jambo baya zaidi. Fredrick alinisindikiza mpaka barabara kuu, akaniahidi kuniandikia. Hakuandika. Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu sasa. Kati yetu wawili, yeye hakuwa amefanya lolote.

Nyumbani nilimkuta Mama Rispa jikoni, amejifunga kitambaa kichwani kwenye nywele zile alizosukia tamasha, nguo aliyonyeshewa nayo inaning'inia kwenye kamba. "Umerudi," akasema. "Chai iko." Nikanywa. Nilingoja aniulize. Hakuuliza Jumamosi hiyo, wala siku nyingine yoyote. Kesho yake nje ya kanisa wanawake wa kwaya walimzunguka, wakitaka kusikia habari za ndani, na mimi nilikuwa nimesimama naye, kitabu cha nyimbo mkononi. Nikajua kwamba atasema, na kwamba nastahili. Mama Rispa akarekebisha kitambaa chake. "Nilifika," akawaambia. "Watu walikuwa wengi. Mvua ikanyesha, mvua kubwa." Wakamwuliza muziki je? Akasema, "Mwulizeni mwalimu, yeye ndiye anajua kueleza." Wote wakanigeukia. Nikasema ulikuwa mzuri sana.

Miezi iliyobaki tuliishi kwa adabu. Chakula hakikupungua, wala hakuacha kuniita nyathina mbele za watu, ingawa tukiwa wawili alianza kuniita Mwalimu. Jumapili saa kumi aliwasha redio kama kawaida, ila aliipunguza sauti kidogo, na hakusema tena "Njoo usikie." Nilikaa chumba cha pili nasahihisha madaftari. Yule alipofika nilimjua kupitia ukutani. Nilikuwa na maneno ambayo Mama Rispa alikuwa ameyatafuta miaka mingi, ya kumweleza shaba na mkono ndani yake na mashavu yasiyovimba, na sikuweza kumpa, kwa sababu kumweleza kungekuwa kumwambia: nilikuwepo mahali pako. Hata akigonga sufuria ningefurahi. Hakugonga tena nilipokosea noti. Aliiacha ianguke.

Barua ya chuo ilikuja mwisho wa mwaka. Asubuhi ya kuondoka aliamka kabla yangu, akanikaangia mayai, akafunga chapati kwenye karatasi kwa ajili ya safari. Sanduku langu lilikuwa mlangoni. Niliona kwamba nikitoka bila kusema sitasema kamwe, nikaweka kikombe chini.

"Mama, kuna kitu nataka kukuambia. Ile siku ya—"

"Hapana," akasema.

"Nataka kuomba—"

"Minayo, nimesema hapana." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. Alikuwa anapangusa meza, na aliendelea kuipangusa mahali palipokwisha kuwa safi. "Ukisema, itabidi nikusamehe. Mimi ni Mkristo. Na bado sijawa tayari. Sitaki kukusamehe na mdomo." Kisha akakunja kile kitambaa cha meza, akanitazama, na macho yake hayakuwa makali. "Kula mayai. Safari ni ndefu."

Nikala.

Nilikwenda kumwona mara nyingi baada ya hapo. Nilimpeleka mume wangu, nikawapeleka watoto, nikapeleka sukari na leso kila Krismasi niliyoweza. Alitupokea vizuri, akawafundisha binti zangu sauti ya pili. Kila mara nilimtazama usoni nikitafuta kama sasa yuko tayari, na kila mara nilijiambia kwamba ni yeye wa kuniashiria, kwamba alinikataza, kwamba mimi namtii. Hivyo ndivyo nilivyougeuza woga wangu ukaitwa heshima kwa miaka zaidi ya arobaini.

Mara ya mwisho ilikuwa mwezi wa tatu mwaka huu. Achieng alikuwa amemketisha jua la asubuhi mlangoni, mwembamba, blanketi magotini. Alinijua baada ya muda. Tuliongea habari za mvua na bei ya samaki. Nilipoinuka kuaga alinishika mkono akauvuta, nikainama. "Nilikuwa na neno la kukuambia," akasema. Alifunga macho akalitafuta, midomo ikisogea. Nilijua ni neno gani. Ningeweza kulisema langu kwanza, likamsaidia kulipata lake. Tulikuwa wawili tu, Achieng amekwenda kuchota maji. Nilingoja. Mwisho akafungua macho, akatikisa kichwa kama mtu aliyeacha kitu sokoni.

"Limenitoka," akasema.

"Litarudi, Mama," nikamwambia, nikaondoka.